Kura tano kwa kila kituo, na wabunge 14

Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Agosti 2022 tuliambiwa William Ruto amemshinda Baba kwa kura laki mbili na kitu. Mahakama ikasema ni hivyo, tukanyamaza. Lakini bungeni Azimio tulikuwa wengi, hilo nalo tulilisikia kwa masikio yetu. Mwezi wa kumi haujafika katikati, Spika akasema walio wengi ni Kenya Kwanza. Toka siku ile kila wanachokitaka kinapita. Mtu aliyepata nusu ya nchi anapataje bunge zima? Na wale wabunge waliovuka, mbona hawakupokonywa viti? 2027 nataka nijue napiga kura ya nini."

Marahaba, mama. Hukusikia vibaya. Azimio, muungano wa Raila, walitoka debeni wakiwa na wabunge wengi kuliko Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na Rais naye alipenya kwenye tundu la sindano. Kilichobadilika kilibadilika baada ya kura kuhesabiwa, mchana kweupe, kwa karatasi ambazo mimi na wewe hatukuzipigia kura. Nivumilie tu kwenye hesabu. Nimefundisha kanuni za bunge kwa wawakilishi wadi na makarani kwa miaka, na nimeona kwamba mtu akishazishika namba nne tano hivi, hotuba za wanasiasa humpungukia uzito nusu nzima.

Tuanze na Ikulu.

Jumatatu ya 15 Agosti 2022, pale Bomas, Nairobi, Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, alimtangazia William Ruto kura 7,176,141 na marehemu Raila Odinga, huyo Baba wako, kura 6,942,930. Wagombea wengine, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure, waliokota elfu tisini na kitu kwa pamoja. Tofauti ya wale wa juu ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya mwenyewe: ni kura tano kwa kila kituo. Ni wapangaji wa nyumba moja ya Kiswahili, tena si nyumba kubwa.

Lakini kwa Katiba yetu ya 2010 kumpita mwenzako hakutoshi. Kifungu cha 138 kinadai mambo mawili kwa pamoja: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, na apate angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hilo la kaunti wote wawili walilivuka bila jasho. Kaa la moto lilikuwa hilo la nusu. Kura halali zilikuwa 14,213,027, na nusu yake ni 7,106,513 na kipande. Ruto aliivuka nusu hiyo kwa kura kama 69,600, yaani kura moja na nusu kwa kila kituo. Zingekosekana hizo, wangerudi debeni yeye na Raila ndani ya siku 30. Watu husema Ruto alishinda kwa laki mbili. Mimi huwaambia alishinda kwa elfu 69, kwa sababu hizo ndizo zilizotuepusha na duru ya pili.

Kulikuwa pia na kura 113,614 zilizoharibika. Hizo hazihesabiwi, Mahakama ya Juu ililisema hilo tangu 2013, Uhuru Kenyatta alipotangazwa na asilimia 50.07. Hata ukizitia kwenye hesabu ya 2022, nusu inapanda kidogo na Ruto anabaki juu yake kwa kura elfu 12 na mia nane. Ni uzi, lakini uzi ambao haukukatika.

Nikuchekeshe kidogo hapa. Makamishna wanne wa IEBC waliojitenga na matokeo, wakiongozwa na Juliana Cherera, walisema asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Chukua kalamu. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,421. Na hata hizo hazikuwa kura za mtu. Ni mkia unaobaki ukizikaribisha desimali kwenye namba ya karibu. Nchi nzima ilikuwa imeshika roho mkononi, na hoja kubwa ya siku ile ilikosewa kwenye kugawanya. Mahakama ya Juu, majaji saba kwa sauti moja, iliyatupa maombi tarehe 5 Septemba, na wiki iliyofuata Ruto akaapishwa Kasarani.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana kuna mwaka mwingine unaofanana na huo kama pacha. Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa na kura 4,584,721, Raila 4,352,993. Tofauti: 231,728. Ilingane na ile ya 2022 uone. Raila ameangushwa mara mbili kwa kiasi kilekile, isipokuwa mara ya kwanza Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya wakati ule, alitangaza katika giza la kila namna, sheria haikutaka nusu ya kura, na walalamikaji hawakuwa na imani na mahakama yoyote. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mara ya pili palikuwa na fomu za kila kituo zilizowekwa wazi mtandaoni, palikuwa na siku saba za kwenda mahakamani na siku 14 za kuamuliwa.

Ninaitaja 2007 kwa sababu ya jambo moja linalogusa swali lako moja kwa moja. Mwaka ule Kibaki alirudi Ikulu lakini bunge hakulishika. ODM, chama cha Raila, walikuwa na wabunge 99, PNU ya Rais 43. Januari 15, 2008, bunge lilipokutana kumchagua Spika, raundi tatu zilipigwa, na Kenneth Marende wa ODM akamshinda Francis ole Kaparo kwa kura 105 dhidi ya 101. Kura nne! Spika yule ndiye aliyekuja kumwambia Rais, mwaka 2011, kwamba majina aliyoyaleta ya Jaji Mkuu na ya Mwanasheria Mkuu hayakufuata Katiba. Miaka kumi na minne baada ya ushindi wake ule, Septemba 8, 2022, Marende huyohuyo alisimama tena kutaka kiti kilekile kwa tiketi ya Azimio, upande uliodai kuwa na wabunge wengi. Akapata 130. Moses Wetang'ula wa Kenya Kwanza akapata 215.

Simama hapo kwenye 215, mama. Bunge la Taifa lina wabunge 349: wa maeneo bunge 290, wawakilishi wa kike wa kaunti 47, na wateule 12. Spika ni wa 350 na hapigi kura. Kwa hesabu iliyokuja kusomwa baadaye kutoka daftari la Msajili wa Vyama vya Kisiasa, Azimio walikuwa 171, Kenya Kwanza 165, na 13 walikuwa wagombea huru. Mpe Wetang'ula Kenya Kwanza wote, umpe na wale huru wote bila kubakiza hata mmoja: 178. Hizo zaidi ya thelathini zilizobaki zilitoka wapi? Kura ya Spika ni ya siri, hutajua jina. Lakini kufikia siku ile, hata wiki ya Rais kuapishwa haijaingia, nyumba ya Azimio ilikuwa imeshatoboka paa.

Wale waliovuka unaowauliza walikuwa 14, nao ni sehemu ya tundu hilo. Walitoka vyama vinne vidogo: UDM wabunge saba, PAA watatu, Maendeleo Chap Chap wawili, MDG wawili. Vyote vilikuwa vimetia saini mkataba wa Azimio kabla ya uchaguzi. Vingine vilianza kuota miguu mapema. Amason Kingi wa PAA, wewe wa Pwani unamjua, alitangaza Mei 2022 kwamba anakwenda kwa Ruto, ila kwenye daftari la Msajili chama chake kilibaki kimeandikwa Azimio. UDM ndio waliongoja matokeo, kisha wakafunga mizigo. Siku aliyochaguliwa Wetang'ula, Kingi naye akawa Spika wa Seneti. Alfred Mutua wa Maendeleo Chap Chap akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Sina haja ya kuongeza neno.

Mbona hawakupokonywa viti? Kwa sababu hawakuhama. Kifungu cha 103 kinasema mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichomleta bungeni, au akihesabika kuwa amejiuzulu, kiti kinakuwa wazi, na mbunge huru akijiunga na chama, vivyo hivyo. Lakini mbunge wa UDM alibaki UDM. Kilichohama ni chama chenyewe, na mbunge akiwa amekaa ndani yake kama abiria kwenye matatu iliyobadilisha njia. Katiba inamfunga mbunge kwa chama. Mkataba wa muungano ndio unaokifunga chama kwa wenzake, na mkataba, ujuavyo, una mlango wa kutokea na una wanasheria.

Kuna kejeli hapa. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ilirekebishwa mwanzoni mwa 2022 na upande wa Raila na Uhuru, kwa mjadala ulioleta hata ngumi bungeni, ili kiwepo kitu kinachoitwa chama cha muungano, chenye vyama vingi ndani yake. Lengo lilikuwa kuwafunga washirika wadogo wasitoroke. Kamba ile ile waliyoisokota wao ndiyo waliyokwenda nayo mahakamani baadaye wakijaribu kuwarudisha mbuzi zizini.

Tarehe 6 Oktoba 2022 Spika aliamua: Kenya Kwanza 179, Azimio 157. Yaani 165 wakaongezwa 14, na 171 wakapunguzwa 14. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Februari 7, 2025, miaka miwili na ushei baadaye, majaji watatu wakasema Spika alivunja Katiba, kwamba hakuwa na msingi wa kuwatoa wale 14 Azimio, na kwamba hafai kuwa Spika huku akiwa kiongozi wa chama cha siasa. Siku tano baadaye Wetang'ula alirudi kitini akasoma hesabu nyingine, 165 kwa 154, na Kenya Kwanza wakabaki walipokuwa wamekaa. Maoni yangu? Mahakama ilisoma Katiba sawasawa. Lakini hukumu inayokuja bajeti mbili zikiwa zimeshapita haiwezi kurudisha maji yaliyomwagika.

Utaniuliza, na hili ndilo ambalo watu wengi hulipita haraka: kuitwa "wengi" kuna faida gani, ikiwa kila mbunge atapiga kura yake mwenyewe?

Katika bunge la 2008 mawaziri walikuwa wabunge. Kibaki mwenyewe alikuwa mbunge wa Othaya, na Raila wa Lang'ata. Serikali ilikaa pale mbele, ukaiona kwa macho. Katiba ya 2010 iliwatoa. Rais si mbunge, waziri si mbunge, na aliyeshindwa urais hana hata stuli ya kukalia ndani ya ukumbi. Kwa hiyo Rais wa leo hana mkono wake bungeni ila mmoja: Kiongozi wa Wengi, ambaye kwa Kifungu cha 108 anatoka chama au muungano ulio mkubwa kuliko yote. Bunge hili ni Kimani Ichung'wah. Yeye ndiye anayeingiza miswada ya serikali. Upande wake ndio wenye watu wengi katika Kamati ya Shughuli za Bunge, ile inayoamua wiki hii kitajadiliwa nini na kipi kingoje. Upande wake ndio unaopata wengi kwenye kamati nyingi na viti vya uenyekiti kwenye kamati nono kama ya bajeti na ya fedha. Upande wa wachache huachiwa uenyekiti wa kamati ya hesabu za umma, inayokagua pesa zilizokwisha kutumika.

Yaani ukishaitwa wengi, jiko ni lako. Wageni mezani watakuwa wa pande zote, lakini chakula kitapikwa na wewe, kwa saa uitakayo. Na kwa kuwa mbunge anawekwa kwenye kamati na chama chake, na chama kinaweza kumtoa, kiranja wa chama ana fimbo ambayo haionekani kwenye runinga. Ukiongeza NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge unaojenga madarasa, barabara ya jimboni, na safari za kamati, utaelewa kwa nini mbunge wa upinzani huanza kuzungumza lugha laini mwaka wa pili. Sisemi wote. Nasema mvuto wa Ikulu ni mkubwa kwa sababu mbunge huulizwa na wapiga kura wake kuhusu madarasa, ni nadra kuulizwa kuhusu mswada.

Sasa namba zenyewe, zile nilizokuahidi.

Ya kwanza ni 50. Hiyo ndiyo akidi ya Bunge la Taifa. Wakiwamo 50, kikao ni halali. Ya pili haina tarakimu maalumu: kwa Kifungu cha 122, jambo la kawaida huamuliwa na wengi wa waliohudhuria na kupiga kura. Ziunganishe hizo mbili. Wakiwamo 50 tu na wote wakapiga kura, 26 wanaweza kupitisha sheria itakayowabana Wakenya wote. Mara nyingi hata hawahesabiwi, Spika anasikiliza tu ni upande upi umesema "ndiyo" kwa kelele zaidi, na jina la mtu haliandikwi popote.

Hapa ndipo swali lako la "kila kitu kinapita" linapopata jibu ambalo halitakufurahisha. Juni 14, 2023, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, waliosema ndiyo walikuwa 176 na waliokataa 81. Wiki moja baadaye, Juni 21, ilipigwa kura ya kupandisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16: 184 kwa 88. Hata kwa ile hesabu ya Spika iliyowabana, Azimio walikuwa 157. Wakati petroli ya bodaboda na mafuta ya taa ya mama mboga yanaamuliwa, wabunge wenu zaidi ya sitini ama hawakuwapo ukumbini ama walikuwa upande wa pili. Wale 14 waliovuka kwa karatasi tunawajua kwa vyama vyao. Wale wengine walivuka kwa miguu, kimyakimya, wakarudi nyumbani na bendera ya Azimio bado kwenye gari.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Juni 20, 2024 Mswada wa Fedha ulipita kusomwa mara ya pili kwa 204 dhidi ya 115. Juni 25 ukapita mara ya mwisho kwa 195 dhidi ya 106, na saa ileile vijana wa Gen Z waliingia ndani ya majengo ya bunge, risasi zikalia nje, watu wakafa. Kesho yake Rais akakataa kutia saini.

Wengi walidhani mswada umekufa kwa kuwa Rais amesema umekufa. Utaratibu si huo. Kifungu cha 115 kinamruhusu Rais kuurudisha mswada bungeni pamoja na sababu zake. Bunge likikubaliana naye, linarekebisha kama alivyotaka, na yeye alipendekeza vifungu vyote vifutwe. Likitaka kumpinga, linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Hiyo ndiyo namba ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote. Ukiigeuza upande wa pili unapata 117: Rais mwenye wabunge 117 waaminifu anaweza kurudisha mswada wowote asioutaka, na hakuna wa kumlazimisha. Hata angekutana na bunge la upinzani kama la Kibaki, ngao hiyo angekuwa nayo.

Lakini 233 hukata kuwili. Kenya Kwanza, hata kwa hesabu nono ya Spika, hawajawahi kuwa nazo peke yao. Ndiyo maana Oktoba 8, 2024, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipopigiwa kura ya kumng'oa, zile 282 zilizomwangusha zilikuwa za Kenya Kwanza na za Azimio zimechanganyika kama wali na tui. Walioipinga hoja ile walikuwa 44 tu. Seneti, ambako theluthi mbili ni 45 kati ya 67, ikamaliza kazi Oktoba 17. Gachagua alikuwa kwenye karatasi moja na Ruto. Zile kura 7,176,141 zilikuwa zake pia, zile 69,600 za juu ya nusu zilikuwa zake pia, na Mlima Kenya alikotoka ndiko zilikotoka nyingi mno. Wapiga kura waliwapa wawili, bunge likambakiza mmoja, na bila wabunge wa upinzani lisingeweza.

Miezi miwili kabla ya hapo, wanaume wanne wa ODM walikuwa wameingia Baraza la Mawaziri, akiwamo Hassan Joho wenu na John Mbadi aliyekabidhiwa Hazina. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini mkataba wa ushirikiano pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi. Hapo ndipo mpaka wa "wengi" na "wachache" ulipobaki kuwa mstari wa chaki mvua ikinyesha. Ninapoulizwa ni lini upinzani ulipoteza bunge, huwa sisemi Oktoba 2022. Nasema ulilipoteza vipandevipande, na Oktoba 2022 kilikuwa kipande kilichoandikwa kwenye gazeti.

Kuhusu Seneti nitakwenda mbio, kwa kuwa hukuiuliza. Inashughulika na miswada inayogusa kaunti, na kwenye mambo hayo haihesabu maseneta 67 bali wajumbe wa kaunti 47, kura moja kila kaunti, 24 zinatosha. Mswada wa Fedha, ule wa ushuru, hauipitii kabisa. Kifungu cha 114 kimeuacha kwa Bunge la Taifa peke yake. Kwa hiyo usimlaumu seneta wako kwa bei ya mafuta. Mlaumu kwa mgao wa kaunti.

Nirudi kwenye lile la nusu ya nchi. Ukweli ni kwamba hata nusu haikuwa. Waliojiandikisha 2022 walikuwa 22,120,458. Ruto alipata theluthi yao moja hivi, Raila chini kidogo ya hapo, na theluthi ya tatu na zaidi hawakutoka nyumbani. Katiba yetu inampa mshindi Ikulu nzima kwa kura moja juu ya nusu ya waliojitokeza, na haimpi aliyeshindwa chochote. Bunge lilitengenezwa liwe mahali ambapo ile nusu nyingine inapata sauti. Walioiandika Katiba waliweka namba za ulinzi vizuri sana. Sidhani kama walitarajia kwamba watakaotakiwa kusimama nyuma ya namba hizo watakuwa wameshuka kwenye kituo kilichotangulia.

Sasa 2027. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10. Utapewa karatasi sita, na ninajua ile nyeupe ya Rais ndiyo itakayokupeleka kwenye foleni alfajiri. Mimi nakuomba jicho lako liwe pia kwenye ya kijani ya mbunge na ya zambarau ya mwakilishi wa kike. Mbunge hahitaji nusu ya kura. Anapita hata na asilimia 30 kama wenzake wamegawana zilizobaki, kwa hiyo kura yako ina nguvu zaidi hapo kuliko kwenye ile nyeupe. Uliza chama chake kiko kwenye muungano upi, kwa aina gani ya mkataba. Mkataba wa chama cha muungano unatakiwa uwe umefika kwa Msajili miezi minne kabla ya uchaguzi, yaani Aprili 2027, na Aprili hiyo ndiyo ya kuuliza kifungu cha kutoka kinasemaje: nani anaruhusiwa kuondoka, lini, na kwa taarifa ya siku ngapi. Mgombea huru naye muulize ataketi na nani, maana haruhusiwi kujiunga na chama lakini hakuna anayemzuia kushirikiana.

Na mbunge uliye naye sasa akirudi kukuomba tena, usianze na ahadi zake. Kura zinazohesabiwa kwa majina huandikwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, nayo iko wazi. Kijana yeyote hapo mtaani mwenye simu atakutafutia. Mwambie akutazamie siku tatu tu: Juni 21, 2023, Juni 25, 2024, na Oktoba 8, 2024. Angalia kama jina la mbunge wako lipo, na liko upande upi.